Ndoo ya Maji ya Ethi

Nyumba ya baba ilikuwa Mabatini, jijini Mwanza, upande wa mlimani, kule ambako kila ukuta umeegemea jiwe. Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na shimo lenye mfuniko wa zege, na kila Jumamosi jioni kazi yangu ilikuwa kuufunua ule mfuniko na kumwaga ndoo moja ya maji. Hayo maji yalikuwa ya ethi. Wageni walituuliza tunamwagilia nini pasipo mmea, nasi watoto tulijibu kwa fahari, "Umeme."

Fundi aliyelichimba lile shimo alikuwa mzee mstaafu wa kiwanda cha nguo cha Mwatex. Lilimchukua siku mbili. Alifuata ufa kati ya mawe mawili, maana kwingine kote mtaimbo uligonga na kurudi. Alipofika kina cha kiuno alianza kushindilia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, tabaka juu ya tabaka, fimbo ya shaba ikiwa imesimama katikati. Akafunga waya kwa kibano, akaukaza, akauvuta kwa mikono miwili kuona kama unateleza. Kisha akamwita mama.

"Mama, hii inataka maji kama mgomba. Kiangazi msiisahau."

"Nimesikia, baba," mama akasema, na ndoo ikaanzia hapo.

Maana ya ethi niliijua ukubwani. Umeme ukivuja ukashika bati la friji au mwili wa pasi, unapaswa kupata njia nyepesi ya kushukia ardhini, ili mkondo mkubwa upite kwa ghafla na breka ikate. Waya wa kijani na njano ni nusu tu ya njia hiyo. Nusu ya pili ni udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unapitisha umeme vizuri. Jiwe kavu ni kama halipitishi kabisa. Na Mwanza ni jiwe. Jiwe la Bismarck wanalopiga picha wageni pale ziwani ni la ukoo mmoja na granaiti iliyolala chini ya vyumba vyetu Mabatini, Bugarika na Igogo. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado fimbo zetu za ethi zina kiu.

Hesabu yake ni fupi. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ethi yenye ukinzani wa omu 10 itapitisha ampea 23 hitilafu ikitokea. Kwenye mwamba, fimbo ikisoma omu 200, itapita ampea moja na kidogo. Breka ya ampea 32 haishtushwi na hizo 23, sembuse hiyo moja; kwake ni kama kifaa kidogo kimechomekwa. Friji itabaki imewaka, bati lake lina umeme, likimsubiri atakayefungua mlango akiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Zamani baadhi ya nyumba zilijiokoa kwa bomba. Bomba la maji lilikuwa la chuma, limezikwa mita nyingi, na mafundi waliufunga waya wa ethi hapo. Mabomba ya plastiki yalipoingia, waya ukabaki umefungwa kwenye kipande cha chuma kisichokwenda popote, na mwenye nyumba hakuambiwa.

Miaka ikapita, nikajenga kwangu Buswelu. Siku ya ethi nilikuwepo. Fimbo ilikuwa ya futi nne. Ilipozama futi mbili ikagonga jiwe. Kijana wa fundi akachukua msumeno wa chuma, akaikata iliyobaki juu, akafukia, akasawazisha kwa kiatu. Nilimwona. Nilimkumbuka mzee wa Mwatex na siku zake mbili, nikanyamaza, nikalipa. Hilo linaniuma kuliko yote nitakayoyasema hapa.

Kwenye boksi la breka nilikuwa nimewekewa RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Masika ya kwanza ikaanza kukata. Mvua ikinyesha usiku, nyumba giza. Baada ya wiki mbili nikamwambia fundi airuke, aunganishe waya moja kwa moja. Tukalala vizuri.

Jioni moja binti yangu alikuwa anaanika nguo. Kamba ya kuanikia ilikuwa waya, umefungwa kwenye msumari wa ukingo wa bati. Waya wa taa ya nje ulikuwa umesuguana na bati hilohilo mpaka ganda likachanika kiasi cha ukucha. Kila mvua iliponyesha, umeme ulikuwa unavuja hapo, na RCD ilikuwa inatuambia. Shuka mbichi ilipogusa kamba, mtoto alipiga ukelele, akarushwa nyuma. Alikuwa amevaa kandambili. Kandambili ndizo zilizomponya, si mimi.

Hiyo RCD niliyoiruka haihitaji elimu kubwa kuielewa. Inapima mkondo unaotoka na mkondo unaorudi. Ikitofautiana, maana yake kuna umeme unaopita pengine, labda kwenye mwili wa mtu. RCD ya nyumbani hukata tofauti inapofika miliampea 30, ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Miliampea 30 ni karibu umeme wa taa moja ya LED ya wati 7. Kiasi kinachozidi hapo, kikipita kifuani, kinaweza kusimamisha moyo. Breka inalinda waya. RCD inalinda mtu, ingawa haitamsaidia aliyeshika laivu na nyutro kwa pamoja. Kifaa cha kwanza cha namna hii chenye wepesi wa kutosha kwa majumbani kilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1950 na mhandisi Henri Rubin, aliyeanza na migodi ya dhahabu. Mtu wa Mwanza, aliyezoea habari za migodi ya dhahabu ya Geita, anaelewa kwa nini: mgodi ni mwamba na maji. Hata fimbo ikisoma omu 1,000, RCD inahitaji bati lifike volti 30 tu ili ikate. Kwa mji wetu hakuna kinga inayofaa zaidi.

Nilirudi Mabatini mwaka huohuo binti yangu aliporushwa. Ua umewekwa pevingi, wapangaji wamejaa. Niliuliza shimo la ethi liko wapi; hakuna aliyejua. Chumbani nikaona mpangaji akichomeka chaja ya miguu miwili: alisukuma kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu la soketi ili mengine yafunguke. Tundu hilo la juu ndilo la ethi. Kwa vijana wengi sasa ni tundu la kijiti.

Wewe unayesoma hii, nenda kwenye boksi lako la breka utafute kitufe chenye herufi T. Kibonyeze. Umeme usipokatika, au ukikosa kitufe chenyewe, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na akipima ethi simama naye mpaka uione namba.