Ukitangaza Vita, Mtaje Adui

Wapenzi wa lugha na ushairi,

Neno "vita" halina umoja. Tunasema vita vikali, vita virefu, lakini hakuna aliyewahi kutusimulia "kita" kimoja. Sarufi huliweka katika ngeli ya KI-VI, upande wa wingi peke yake. Nimelikumbuka jambo hili kila mara mjadala wa kutangaza vita dhidi ya ugaidi unapofufuka hapa kwetu Kenya, kwa kuwa lugha yenyewe imetutangulia kuonya: anayefungua mlango huu hafungulii kimoja.

Vipo vita vilivyotangazwa kwa maneno yenye mipaka. Majeshi ya Idi Amin yalipolivamia eneo la Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya wananchi tarehe 2 Novemba akasema anayepigwa ni nani, kwa sababu gani, na kwa uwezo upi. Msikilizaji alijua adui yuko wapi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa, Amin akakimbia. Gharama ya vita hivyo iliuelemea uchumi wa Tanzania kwa miaka mingi, na sivitaji hapa kuvipamba. Nasema tu kwamba mtu aliweza kuuliza, "Je, vimekwisha?" na akapata jibu.

Sasa litazameni tangazo la mwaka 2001. Siku tatu baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura ya kumruhusu rais atumie nguvu za kijeshi. Waliounga mkono walikuwa 420. Aliyepinga alikuwa mmoja, Barbara Lee. Vilivyofuata viliitwa kwa Kiswahili "vita dhidi ya ugaidi", nasi tukalizoea jina hilo pasipo kulipima. Gaidi, kwa maana yake ya zamani, ni mnyang'anyi wa njiani. Ana miguu, ana jina, aweza kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa. Mbandikie kiambishi u-, naye anageuka kuwa dhana. Ugaidi hauna mji mkuu wa kutekwa, wala mkono wa kutia saini mkataba. Basi vita dhidi yake vitakwisha siku gani, na nani atatangaza? Miaka ishirini baadaye, Agosti 2021, Taliban waliingia tena Kabul, na swali hilo lingali halijajibiwa.

Sisi hatukuhitaji kuhadithiwa uchungu huu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu katika balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Kwa hiyo simcheki anayedai serikali ichukue silaha; dola isiyolinda watu wake imeacha kazi yake. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika visiwa vya Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Serikali ilitaja haki ya kujilinda iliyomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Waliokuwa na shaka walishika Katiba ya 2010, inayotaka tangazo la vita liidhinishwe na Bunge, wakauliza: hivi ni vita, au ni kitu gani? Nilidhani wakati ule ni ubishi wa mawakili. Siku hizi naona lilikuwa swali la msamiati, na la uhai. Jambo likikosa jina lake, halina wa kulihesabu.

Hesabu ilikuja kwa njia nyingine. Westgate, Septemba 2013: watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015: watu 148, wengi wao wanafunzi. Katikati ya misiba hiyo miwili, Aprili 2014, ilipita operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa. Wengine walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wahenga walisema vita havina macho. Vita dhidi ya dhana vina upofu wa ziada: visipomwona adui, hushika aliye karibu.

Mwaka huo huo, katika kikundi chetu cha watunzi hapa Mombasa, kijana mmoja alileta shairi la kulaani mauaji. Kina chake cha mwisho kilikuwa "di". Katika ubeti wa tatu "gaidi" alifungiwa mstari mmoja na "Saidi". Mizani ilitimia, vina vilitimia. Mzee wetu mmoja mwenye jina hilo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Mwanangu, mimi nimeingiaje humo?"

"Samahani, mzee. Ni vina tu."

"Najua. Hata barabarani hunisimamisha kwa vina."

Kijana aliubadili ubeti pale pale. Maneno "shahidi", "zaidi" na "kaidi" yalikuwapo tangu awali, yakingoja mtu ayatafute. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, si majenerali. Lugha ya vita hupita mikononi mwetu kabla ya kufika redioni, na sisi ndio tunaojua kwamba neno lililokaa vizuri katika mizani laweza kuwa limekaa vibaya katika haki.

Desemba 2015, karibu na El Wak, washambuliaji walisimamisha basi la Mandera, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Kuna wanawake waliowavisha wenzao mitandio. Abiria wale walifanya kile ambacho tangazo la vita lilishindwa kufanya: walitofautisha jirani na adui, tena bunduki zikiwa zimewaelekea.

Mjadala utarudi, maana misiba haijaisha. Utakaporudi, tumwombe kila anayetangaza vita atuambie mambo matatu kwa Kiswahili kilichonyooka: adui ni nani kwa jina, mpaka uko wapi, na tutajuaje kwamba vimekwisha. Akishindwa, asitupe sisi kazi ya kumtafutia vina.