Nilimtafuta Tingatinga Dar es Salaam

Akina mama wenzangu, nani kati yetu hajaona picha za Tingatinga? Ni zile za chui, twiga na ndege wenye rangi kali, zinazouzwa kila wanapopita wageni. Lakini Tingatinga alikuwa mtu, na mimi muuguzi ananigusa zaidi, kwani aliwahi kuhudumia wagonjwa pale Muhimbili.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alitoka kwao kutafuta kazi, akapita mashamba ya mkonge ya Tanga, mwisho akafika Dar es Salaam. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora bila kusomea popote. Alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyezipeleka picha nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, akaziuza. Basi nyumba ikapata riziki kwa mkono wa baba na miguu ya mama. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ni mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Akafa, akamwacha mjane na watoto wadogo.

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu kutoka Chole kwenda Dar kutibiwa macho. Tulivuka kwa mashua hadi Utende, tukapanda gari hadi Kilindoni, kisha chombo cha kwenda Nyamisati. Tukiwa tunasubiri tarehe ya kliniki, nikasema nitafute picha aliyoichora Tingatinga mwenyewe.

Tulianzia Makumbusho ya Taifa. Tuliona mengi, hata habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lakini picha ya mkono wake hatukubahatika. Tukaenda Oyster Bay, kwenye ushirika wa wachoraji uliosajiliwa mwaka 1990. Pale picha zilikuwa nyingi hadi macho yanachoka, ila zilikuwa za wanafunzi wa wanafunzi wake. Yeye alichora miaka minne tu hivi. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, na walipoondoka nchini waliondoka nazo.

Mama, ambaye haoni vizuri, alipapasa ubao mmoja kwa vidole, akaniuliza, "Na wanawe, walibakiwa na upi?" Sikuwa na jibu.

Swali lile lilinifuata hadi kitandani. Mama amesuka mikeka ya miyaa tangu usichana wake. Mizuri yote iliuzwa, na ndiyo iliyonilipia ada ya chuo cha uuguzi. Nyumbani hatuna hata mmoja. Sasa macho yanamtoka, na wajukuu wake hawajui bibi yao alisuka nini.

Dada zangu, kuuza si vibaya. Watoto lazima wale na wasome. Lakini katika kazi kumi za mkono wako, au za mumeo, au za mama yako, weka moja sandukuni. Andika jina na mwaka kwenye karatasi, uifunge pamoja nayo. Kisha mkalishe binti karibu nawe ajifunze, maana wanafunzi ndio waliofanya jina la Tingatinga lisife.

Mama ameanza kusuka mkeka mmoja. Binti yangu wa darasa la sita anamchagulia rangi, kwa kuwa bibi hawezi tena kutofautisha nyekundu na zambarau. Kazi inakwenda polepole. Huu hauuzwi.