Ukitaka kazi, usiifiche rangi yako

Wiki hii naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu hulichukulia mzaha mpaka siku tunapoombwa: picha ya uso ya kupeleka kazini. Upige ya rangi au nyeusi na nyeupe?

Usicheke. Siku hizi mambo hayaishii kwenye pasipoti saizi mbili za kubandika kwenye fomu. Hoteli inataka sura yako ukutani pale mapokezi, kampuni ya utalii inaitaka kwenye tovuti yake, na bosi mtarajiwa anakukagua kwenye simu kabla hajasoma hata jina la shule uliyomaliza. Sura inatangulia, mwenyewe unafuata nyuma.

Kwetu Kilosa suala hili lilibisha hodi kupitia kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Binti anaishi Mikumi, mji wa malori na watalii, na alikuwa anaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huko. Wakamwambia alete picha ya uso, tena "ya kisasa". Akaenda studio, akasafishiwa mbili: moja ya rangi, moja nyeusi na nyeupe. Picha ni ileile, pozi lilelile. Siku hizi fundi anabonyeza tu, rangi zote zinaaga. Akaja nazo nyumbani tumsaidie kuchagua.

Dada aliishika ile nyeusi na nyeupe, akaitazama, kisha akaifunika mezani kama karata.

"Kaka, mbona mwanangu kashatundikwa ukutani na angali hai?"

Nilimwelewa. Marehemu shemeji alikuwa mtu wa reli, ile njia inayochepuka hapa Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu. Picha yake iliyobaki ni moja tu, nyeusi na nyeupe, iliyokuzwa kutoka kwenye ya kitambulisho cha kazi. Ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza, na ndiyo inayotutazama pale sebuleni mpaka leo. Ukijumlisha na tanzia tulizozizoea magazetini, dada hana kosa. Kwake yeye, sura isiyo na rangi ni sura ya aliyeondoka.

Utauliza, za rangi zilikwenda wapi? Zilikuwepo, za harusi, albamu nzima. Kwanza zilianza kugeuka nyekundu zenyewe, bwana harusi mwekundu, bibi harusi mwekundu, mpaka keki. Unajua, picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe imeshikwa na chembe za madini ya fedha, na ikisafishwa vizuri inakaa miaka na miaka. Ya rangi imetengenezwa kwa tabaka tatu za rangi zilizolaliana, nazo hazipauki kwa mwendo mmoja. Mara nyingi ile ya samawati ndiyo inayotangulia kufa, ndipo watu wote wanabaki wekundu. Halafu yakaja yale mafuriko ya Mkondoa, Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyong'oa reli na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Albamu ililowa, kurasa zikagandana. Tulipozibandua, nyuso zilibaki upande wa pili. Ya shemeji ilipona kwa kuwa ilining'inia juu.

Basi nikamgeukia binti. "Na wewe mwenyewe unaitaka ipi?"

"Hiyo hiyo nyeusi na nyeupe, mjomba."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa. "Kwenye ya rangi nimekuwa mweusi mno. Meno tu ndiyo yanaonekana. Wenzangu wanasema mapokezi wanachukua weupe."

Hapo msomaji wangu nilinyamaza kidogo. Kumbe mtoto hakuwa anachagua picha. Alikuwa anatafuta pa kujificha.

Nikaichukua ile ya rangi, nikaisogeza dirishani. Kweli uso ulikuwa umezama. Lakini nyuma yake fundi alitundika shuka jeupe pe, na binti mwenyewe kavaa blauzi nyeupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie hupima mwanga wa picha nzima. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Hata ile nyeusi na nyeupe ilikuwa na tatizo hilo hilo, ila binti hakuliona kwa sababu alishasamehewa rangi.

Nikamweleza kwamba ugonjwa huu ni wa siku nyingi na haukuanzia Mikumi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi yenye mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, ili mafundi wapimie rangi zao. Akitoka vizuri Shirley, kazi imekwisha. Sisi wengine tukitoka kama mkaa, shauri yetu. Mtu aliyewahi kufanya kazi Kodak alisimulia kwamba msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vyema. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Na bado mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6, walijinadi kuwa kamera yake sasa inaitendea haki ngozi nyeusi. Mwaka 2021, jamani!

Mafundi wetu wa zamani hawakungoja. Kwenye chumba cha giza, akisafisha picha, fundi alikinga mwanga kwa kiganja usiuchome sana uso kwenye karatasi, basi uso ukatoka laini na macho yakaonekana. Tazama kazi za Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, uone jinsi watu weusi walivyopigwa wakapendeza. Ule ulikuwa mkono wa fundi na mwanga aliouchunga.

"Kwa hiyo mwanangu," nikamwambia, "wewe hujawa mweusi mno. Umepigwa vibaya."

Asubuhi yake tukarudia. Nilimweka barazani, kivulini, uso ukitazama uwanja ulio wazi. Hakuna flashi. Nyuma yake ukuta wa udongo, mwilini blauzi ya manjano, usoni mafuta kidogo tu ya kushika mwanga. Kwenye simu nikagusa pale penye uso, nikapandisha mwanga taratibu mpaka mashavu yakaonekana. Nikampiga marufuku kutumia zile programu za kung'arisha, maana ukijichubua kwenye picha, siku ya usaili watamtafuta huyo mweupe wasimwone.

Tukapeleka kwenye fotokopi, kipimo changu cha mwisho. Karatasi zetu zote nchi hii hupita kwenye fotokopi, tena fotokopi ya fotokopi. Ile ya studio ilitoka bonge la wino. Ya barazani, macho, pua na tabasamu vyote vilionekana.

Sijasema nyeusi na nyeupe haifai. Kama wewe ni mwanamuziki au mwandishi wa vitabu, au ofisi nzima wamepiga hivyo, piga kwa raha zako. Inasaidia pia pale taa za chumba zinapompaka mtu ukijani. Ila angalia nguo, maana nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kimoja, ukamezwa na ukuta. Na fomu ikisema rangi, peleka rangi, usibishane na karani. Lakini kwa kazi ya kupokea wageni, mtu anataka kujua atakayemkuta pale ni nani. Mpe rangi yako, ila ipigwe kwa mwanga wa haki.

Dada aliitazama ile mpya muda mrefu. "Huyu sasa ndiye niliyemzaa," akasema, akaniomba nimsafishie na yeye nakala.

Binti kaipeleka, na wiki iliyopita kaitwa usaili. Ananiambia mlinzi wa getini alikuwa na karatasi yenye picha zao, akamfungulia bila kuuliza jina. Majibu bado, tunasubiri. Wewe unayejiandaa kwenda studio wiki hii, mwambie fundi atoe hilo shuka jeupe. Wasalaam.