Koti la nanomita 3 na namba 193

Leo naacha kidogo mambo ya programu, tuingie ndani ya diski kuu. Ile sahani inayozunguka humo imepakwa. Juu ya tabaka la sumaku kuna koti la kaboni ngumu, jamaa ya almasi, lenye unene wa nanomita 2 au 3 hivi, halafu mafuta ya kama nanomita 1. (Unywele wako ni kama nanomita 80,000!) Kichwa cha kusomea huelea juu ya hayo yote kwa mto mwembamba wa hewa. Koti likichubuka, data zako kwaheri.

Sasa koti kama hilo linapimwaje? Njia ya kawaida ya mainjinia ni rahisi: kipande kilichopakwa kinazungushwa, kigololi kinakandamizwa juu yake, kisha unapima nguvu inayokivuta kigololi. Gawa nguvu hiyo kwa ile ya kukandamiza, umepata namba ya msuguano. Chuma kikavu kwa chuma hutoa kama 0.6; kaboni ya aina hii hushuka hadi karibu 0.1. Mwishowe unapima mfereji uliochimbika.

Diski za zamani zilijaribiwa kikatili zaidi, maana umeme ukizimwa kichwa kilitua juu ya sahani yenyewe. Washa, zima, washa, zima, hadi mara 50,000, huku msuguano ukisomwa. Hewa yenye unyevu ilifanya kichwa kinate (watu wa Mombasa mpo?). Baadaye kichwa kikatengenezewa pa kuegesha kando ya sahani, na diski nyingi za laptopu zikapewa kikomo cha mara 300,000 au 600,000.

Lakini anayeamua kichwa kiegeshwe lini ni programu, yaani sisi! Mwaka 2007 watumiaji wengi wa Linux walilalamika kwamba laptopu zao zinaegesha kichwa kila mara ili kuokoa betri. Piga hesabu: kila nusu dakika, saa 8 kwa siku, ni mara 960. Kikomo cha 300,000 kinaisha kabla ya mwaka.

Majuzi binamu yangu alitaka laptopu ya mtumba, pesa zenyewe za kuchangiwa na familia ili aanze chuo. Muuzaji akaapa haijatumika sana. Nikaendesha smartctl -A, nikatazama mstari wa 193: mara 412,906, na kikomo chake kilikuwa 300,000. Haina maana diski itakufa kesho, ila “haijatumika” ni hadithi nyingine. Muuzaji alinitazama kama mchawi, kisha akapunguza bei ya kutosha kununua SSD, ambayo haina kichwa wala sahani.

Kama bado unatumia diski ya kuzunguka kwenye Linux, jaribu hdparm -B 254. Nyingi huacha kuegesha ovyo. Betri itaisha mapema kidogo, na mimi naona hiyo ni bei nzuri.