Safari ya Morogoro Hata Iringa

Mwezi ujao tumekusudia kumpeleka mama yetu Iringa kwa gari, mwendo upatao kilometa 300. Miji yote miwili Wadachi waliijengea maboma.

Vijana walishauri tuondoke saa nane ya usiku, tupate kuwahi. Mama akakataa. Macho yake yameanza kuingia ukungu, naye alisema, "Mkinipitisha gizani, mmenipeleka wapi?" Tukanyamaza. Tena ana haki, maana barabara yapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, na tembo huivuka hata usiku.

Basi tutatoka alfajiri, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kushoto. Mikumi tutapita polepole. Mbele, kando ya Mto Ruaha Mkuu, ni bonde la mibuyu. Hapo tutakaa saa nzima, na anayeona ni kupoteza wakati atanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mibuyu ile ni minene mno, hata jicho dhaifu huiona. Kisha mlima Kitonga, wenye kona kali na malori mazito: huo nao si wa kupandwa gizani.

Kesho yake twende Kalenga. Mama alisimuliwa na babaye habari za Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wadachi. Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limewekwa huko ndani ya kioo. Ametuagiza tufike asubuhi, mwanga ukiwa mwema, tumsogeze karibu.