Mbona Nimeshapita Nayo?

Mtu akiwaza safari ya nje humuwaza afisa uhamiaji: sare, muhuri, na yale maswali mawili matatu ya kumtoa jasho. Mimi hanifikirii. Mimi ni yule wa kaunta, mwenye beji kifuani, unayemsalimia huku macho yako yako kwenye mizani ukiomba begi lisizidi kilo. Nimeajiriwa na kampuni inayohudumia ndege za mashirika tofauti hapa Dar es Salaam, Terminali ya Tatu. Kuna jambo abiria hulijua akiwa ameshachelewa: pasipoti yake iliyoloa au kuchanika naihukumu mimi kwanza, kabla ya huyo mwenye muhuri, na naihukumu kwa kumwogopa mtu wa upande wa pili wa safari ambaye sitaonana naye kamwe.

Hofu yangu ina bei. Ukitua London na hati ambayo wenyeji hawaitambui, shirika lililokuleta linaweza kudaiwa pauni 2,000 kwa kichwa chako, kwa sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1999. Umoja wa Ulaya nao una agizo la mwaka 2001 linalozitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika yanayoleta watu wasio na hati zinazofaa, na hesabu zake zinaanzia euro 3,000. Juu ya hapo shirika linatakiwa likurudishe ulikotoka, na mara nyingi likulipie ulinzi na malazi wakati unasubiri ndege. Abiria wa namna hiyo sisi kazini tunamwita inadi. Inadi akirudi, kinachotafutwa kwanza ni nani alimpokea, na jina langu limo kwenye mfumo, pamoja na saa na dakika niliyobonyeza. Barua ya kujieleza inakuja kabla ya mshahara.

Usidhani tuna kitabu kinachotuambia pasipoti ichanike kiasi gani ndipo ikataliwe. Tuna Timatic, hifadhidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inayotumiwa na mashirika mengi. Ukiiuliza habari za viza, miezi sita ya uhai wa pasipoti au kurasa tupu zinazotakiwa, inakujibu vizuri. Iulize kuhusu mpasuko wa sentimita moja kwenye ukurasa wa nane uone kama itakusaidia. Hapo nabaki na macho yangu, vidole vyangu, na simu ya supavaiza ambaye naye hataki kuandika barua.

Kwa hiyo nikiipokea pasipoti yako, kabla ya kuisoma naipapasa. Naangalia kama ukurasa wa picha umeanza kuachana kwenye kingo, kama uzi wa katikati umelegea, kama karatasi zimevimba. Wewe unaona nimeikunjua tu na kuiweka kwenye skana.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, alikuja akielekea Guangzhou. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba siti ya dirishani apate kulala. Pasipoti yake ilikuwa imenenepa. Kurasa zilikuwa na mawimbi, na mihuri ya zamani ilisambaa wino ikawa madoa ya zambarau. Mashine iliisoma mara ya pili.

"Mama, hii imeloa?"

"Imepata maji kidogo tu baba, si unajua masika haya."

Lakini maji ya mvua hayana harufu ya sabuni. Nikamwita supavaiza, ambaye ana kitaa cha miali ya urujuanimno, kile cha mwanga wa bluu kinachotumika kukagulia noti benki. Naomba hapa unisikilize vizuri, maana abiria wengi hawalijui hili. Karatasi ya pasipoti hutengenezwa bila ving'arisho. Ukiimulika kwa taa ile, yenyewe inabaki imefifia, kinachowaka ni nyuzinyuzi na michoro iliyofichwa tu. Karatasi ya dukani, ambayo wahuni huitumia kughushi, huwaka yote. Sasa sabuni ya unga ina ving'arisho vilevile, ndivyo vinavyofanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi, na vikishaingia kwenye karatasi havitoki. Ya mama ilipomulikwa, kurasa ziliwaka kama shati jeupe disko. Ni pasipoti halali kabisa, imetolewa na Serikali, ila mbele ya taa inafanana na ya bandia.

Ndipo akasema ukweli. Iliingia kwenye mashine ya kufulia ndani ya mfuko wa koti, ikaanikwa juani, ikabaki imejikunja, binti wa nyumbani akaipiga pasi. Hiyo pasi ndiyo iliyomaliza kazi. Ukurasa wa picha wa pasipoti zetu za siku hizi ni plastiki ngumu, na moto huupinda. Ule wake ulikuwa umebetuka kidogo kwenye kona, kiasi ambacho usingekiona kama hukuulaza juu ya meza. Niliulaza juu ya meza.

Hakusafiri. Alikaa juu ya mabegi yake pembeni ya kaunta akipiga simu moja baada ya nyingine, na kila niliyemhudumia baada yake alinitazama kama mtu aliyemkatili mama yake. Sikuwa na la kusema. Foleni ilikuwa ndefu.

Turudi kwenye ukurasa wa picha, maana huko ndiko pasipoti nyingi hufia. Chini yake kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na vialama vyenye sura ya mishale, kila mstari una nafasi 44. Ndani ya mistari hiyo mna tarakimu za ukaguzi: mashine inazidisha, inajumlisha, na jibu lisipolingana inakataa. Herufi moja iliyokwanguka na funguo mfukoni inatosha kuivuruga. Abiria ananiambia, "Si uandike kwa mkono?" Naweza kuandika kwa mkono, na mara nyingi naandika. Lakini taarifa ninazotuma zinatangulia huko unakokwenda kabla ndege haijaruka, na nikikosea tarakimu moja wewe utafika ukiwa mtu mwingine.

Halafu kuna chipu. Tanzania ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki Januari 2018, Kenya ilitangulia mwaka 2017, na watu wakaamini kwamba sasa karatasi si kitu, habari zote ziko kwenye chipu. Kumbe kufuli la chipu linafunguliwa kwa maneno yaliyo kwenye mistari ile ile: namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha. Mistari ikichubuka, lango la kujihudumia litakukatalia hata kama chipu ni nzima. Na chipu yenyewe ina waya mwembamba wa antena unaozunguka ndani ya kava au ndani ya ukurasa mgumu, kutegemea nchi. Mwanamume anayeikalia pasipoti mfuko wa nyuma kutoka Mbeya hadi Dar anaukunja waya huo kila basi linapopita kwenye tuta. Chipu kufa peke yake si mwisho wa safari, nchi nyingi bado zinaihesabu pasipoti hiyo kuwa halali. Ila utatolewa kwenye foleni, upelekwe kwa mtu, na huyo mtu ataanza kuipekua ukurasa kwa ukurasa. Kama kuna ila nyingine ndani, ndipo itakapoonekana.

Ila nyingine ni ndogo mpaka zinachekesha. Pini za stepla: wakala wa viza anabana fomu na ukurasa, mwenye duka la fedha anabana risiti, mwishowe ukurasa una matundu kama chujio na kutu juu yake. Watoto nao wana mkono wao. Baba mmoja alikuwa na samaki wa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa viza, samaki mzuri kwa kweli, mwenye magamba. Tulimruhusu kwa sababu alikuwa anaenda Nairobi na samaki hakugusa muhuri wowote. Angekuwa anaenda Ulaya ningempigia supavaiza. Kuna wanaopiga mihuri ya ukumbusho ya vivutio vya utalii wakidhani ni pambo. Na kuna akina mama wanaoifungia pasipoti kibindoni pamoja na dola, wakavuka nayo joto la safari nzima. Jasho na joto huweza kuuachanisha utando wa ukurasa wa picha wa zile za zamani.

Ukurasa uliong'olewa hauna mjadala. Kurasa zimepewa namba, na namba ya pasipoti imetobolewa kupita karatasi zote, kwa hiyo kuhesabu hakuchukui hata dakika. Vijana wanaopelekwa kazini Ghuba ndio wanaokutwa na jambo hili zaidi. Dalali amekaa na pasipoti yao kwa wiki kadhaa, ameona kuna muhuri wa kukataliwa viza mahali, ameunyofoa ukurasa ili "kuisafisha". Kijana hajui kitu. Anasimama mbele yangu amevaa fulana ya kampuni, na ninapomuuliza ukurasa wa kumi na saba uko wapi anageuka nyuma kumtafuta dalali, ambaye muda huo ameshatoka nje ya jengo. Huyo simwachii arudi kwenye foleni, napaswa kuwaita uhamiaji. Pasipoti ni mali ya Serikali, na kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002. Maelezo ya namna ilivyonyofoka anayatoa yeye, dalali hayupo.

Nikimkatalia mtu, jibu ni lile lile kila zamu: "Mbona nimeshapita nayo?" Amepita nayo Nairobi, amepita nayo Entebbe, amepita nayo Dubai mwaka jana. Namwamini. Amepita kwa sababu afisa wa zamu ile alikuwa na watu wengi mbele yake, au alitazama ukurasa wa picha tu, au mpasuko ulikuwa milimita chache na leo umefika kwenye picha. Pasipoti ikishaanza kuchanika haisimami. Na maafisa hawafanani, hata wa dirisha moja: wa asubuhi hafanani na wa usiku. Wapo wanaotazama mihuri, wapo wanaotazama uso, yupo mmoja ambaye kila hati huipitisha kidole kwenye mshono. Unaweza kuvuka mara tano na ukakutana naye mara ya sita.

Watu pia husahau kwamba njiani kuna mwingine kama mimi. Ukiunganisha Addis Ababa, Doha au Istanbul, kwenye lango la ndege ya pili kuna mfanyakazi mwenye hofu ile ile, na yeye ana sababu zaidi ya kukataa kwa sababu hakukupokea yeye. Kukwama Dar ni afadhali, utachukua bajaji ukalale kwako. Ukikwama huko, mabegi yanashushwa, tiketi inabadilishwa kuwa ya kurudi, na unalala kwenye kiti ukisubiri ndege ya kukurejesha.

Wengine huomba wasaini fomu ya kubeba dhamana, kwamba likitokea la kutokea watalipa wenyewe. Mashirika mengine yanayo fomu hiyo. Inamsaidia mwanasheria wa shirika, haimsaidii msafiri, kwa sababu afisa wa huko mbele hana habari na fomu tuliyoandikiana hapa. Na wapo wanaoikunja noti ndani ya pasipoti. Juu ya kaunta kuna kamera. Noti hiyo inanilazimisha niwe mkali kwako hata kama nilikuwa nimeanza kukuonea huruma.

Ninachokifanya nikiwa na shaka na nikiwa na muda ni kupiga picha kurasa zenye tatizo, kuzituma kwa wenzetu wa kituo unakokwenda, na kusubiri. Wakati mwingine wanajibu ndani ya robo saa kwamba apande. Ndiyo maana anayekuja saa tatu kabla ya ndege kuruka ana nafasi ya kusafiri na pasipoti yenye kasoro, na anayekuja dakika chache kabla kaunta haijafungwa hana, hata kama kasoro ni ile ile. Ukiwa unaijua hali ya pasipoti yako, njoo mapema na useme mwenyewe. Ukinificha nitaanza kujiuliza na mengine.

Kama safari iko mbali, badilisha. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na najua ni fedha, lakini linganisha na tiketi ya Guangzhou. Usiifukie kwenye mchele, usiipige pasi, usiipake gundi ya maji wala kuizungushia selotepu. Selotepu ndiyo mbaya kuliko mpasuko wenyewe, maana mpasuko unaonyesha ajali na selotepu inaonyesha mkono wa mtu. Kwa safari ya dharura ya nchi jirani kuna hati ya dharura ya safari, iulizie uhamiaji kabla hujafika kwangu. Kwa Dubai au Ulaya usiitegemee.

Na kama ndani ya hiyo iliyoharibika mna viza ambayo bado ina uhai, rudi nayo nyumbani pamoja na mpya. Marekani, kwa mfano, inaikubali viza iliyomo kwenye pasipoti ya zamani ukiziwasilisha zote mbili, mradi viza yenyewe haikuguswa na maji wala mpasuko. Wakati wa kufuta pasipoti ya zamani hukatwa kona, kwa hiyo mwonyeshe afisa viza iko ukurasa gani kabla hajashika mkasi. Nimeshaletewa moja mkasi umepita katikati ya viza yenye miaka mitatu mbele, na mwenyewe alinyoosha mkono kupokea bodingi.