Kaa wa Juu ya Mti

Mwaka 1997 nilipata sifuri kwa sababu ya kaa. Sifuri za hesabu nilikuwa nimeshazizoea, lakini hii ilikuwa ya insha, somo pekee nililokuwa nikitamba nalo darasani.

Tulikuwa darasa la sita, Handeni. Mwalimu alitusomea kutoka gazeti kuukuu habari za vidudu wa jamii ya kamba wanaoishi chini kabisa ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 10,000 kwenda chini, kwenye giza na baridi. Sisi ambao hata maji ya kunywa tulipanga foleni na madumu tulikodoa macho. Akamaliza kwa kusema kila mtu aandike juu ya kiumbe wa majini wa ajabu aliyemwona kwa macho yake.

Wenzangu wakaanza kutafuna kalamu. Mimi wangu nilikuwa naye.

Likizo ya Desemba nilikuwa kwa bibi, wilaya ya Korogwe, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki inayotazama bonde la Lwengera. Siku moja tukiokota kuni niliona tundu kwenye shina la mti, usawa wa kifua changu, limejaa maji ya mvua meusi kama chai ya rangi. Nikachomeka kijiti. Kijiti kikashikwa! Nikakivuta taratibu, akatoka kaa. Kaa mzima, ndugu msomaji, mwenye miguu mirefu na myembamba kama ya buibui. Nilipiga kelele mpaka bibi akaja anakimbia, akidhani nyoka. Alipomwona akacheka.

"Huyo ana kisima chake. Mrudishe."

Nikamrudisha.

Yote hayo niliyaandika, kurasa mbili, kwa hati nzuri. Daftari lilirudi na wino mwekundu: "Kaa hapandi miti. Usiandike uongo." Nikasimama kujitetea.

"Umemleta?" mwalimu akauliza.

"Hapana mwalimu. Bibi alisema nimrudishe."

"Basi wewe Kaa, kaa chini!"

Darasa zima likaangua kicheko. Jina hilo liliniganda mpaka namaliza la saba. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mwalimu aliwaamini wadudu wa mita 10,000 ambao hakuna mtu wa Handeni aliyewahi kuwatia machoni, akashindwa kumwamini kaa wa safari ya basi moja kutoka pale tulipokaa. Niliacha kuandika insha za kweli. Nikawa natunga za ajali na wezi, napata alama nzuri.

Mwaka 2011 nilikuwa Korogwe mjini, kwenye kibanda cha intaneti, nina dakika kumi za kupoteza. Sijui nini kilinituma, nikaandika "kaa wa kwenye mti, Usambara" kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Nusura nianguke kwenye kiti. Mwaka 2002 Bayliss alikuwa ameandika makala ya kitaalamu juu ya kaa wa matundu ya miti wa Usambara Mashariki. Mwaka 2004 Cumberlidge na Vannini wakampa jina rasmi: *Potamonautes raybouldi*. Wanaye pia kutoka Shimba Hills, Kenya.

Jina hilo linatokana na John Raybould, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Amani akichunguza usubi, wale inzi wadogo wanaoleta ugonjwa wa macho na ngozi. Kumbe viluwiluwi vya baadhi ya usubi hao huishi vimejishika kwenye miili ya kaa wa mtoni. Jambo hilo liligunduliwa Kenya na kutangazwa mwaka 1950. Anayetaka kuwajua inzi lazima awajue kaa.

Nikasoma jinsi kaa wanavyoainishwa. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unamgeuza dume, unafunua ule mkia uliokunjwa chini ya tumbo, unatazama viungo vyake vya uzazi: vimepinda wapi, vimenenepa wapi, vina vipande vingapi. Unapima gamba, unapima miguu. Na lazima kaa mwenyewe awepo, amehifadhiwa kwenye spiriti, ili mwingine akibisha aende akamtazame. Picha peke yake haitoshi. Wala kiapo cha mtoto.

Hapo ndipo kiburi changu kiliposhuka kidogo. "Umemleta?" Ndilo swali lile lile.

Hata hivyo, nisingemleta. Mpaka leo naona bibi alikuwa sahihi.

Wale wa Pasifiki nao niliwafuatilia. Yuko mmoja anaitwa *Hirondellea gigas*, aliyepewa jina 1955. Gigas maana yake jitu, na jitu lenyewe halifikii urefu wa kidole! Mwaka 2012 Wajapani walieleza kwamba ana vimeng'enya vya kuyeyusha mbao, kwa hiyo huenda anakula miti inayozama mpaka kule chini. Mdudu wa bahari anakula mti, kaa anaishi mtini. Ningeyaandika hayo darasa la sita ningechapwa.

Nilichapisha ile makala ya 2004, nikaenda nayo Handeni. Mwalimu amestaafu, anafuga kuku. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaitazama picha muda mrefu, akaigeuza kana kwamba atamwona kaa kwa nyuma.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mwalimu."

Akanyamaza. Kuku wakapita katikati yetu.

"Lakini tahajia yako," akasema, "ilikuwa mbaya sana."